Nani Aliongeza Oksijeni ya Mama

Jumatano, Busia. Mvua tangu asubuhi, matope yameingia mpaka wodini. Nimekaa kwenye benchi la nje na hasira imenipanda. Nisipoandika nitamtukana mtu mzima mara ya pili leo.

Mama yangu amelazwa hapa tangu Jumapili. Niliacha kazi Malaba nikaja mbio. Amekausha samaki kwa moshi kule Osieko maisha yake yote, akiinamia tanuri ya udongo, macho mekundu, ndipo sisi tukasoma. Sigara hajawahi kugusa. Ni moshi wa samaki uliomla mapafu.

Nesi alitueleza vizuri sana siku ya kwanza. Kinachomfanya mtu avute pumzi hasa ni ile hewa chafu ya kaboni ikizidi kwenye damu. Ubongo unaihisi, unaamrisha kifua kifanye kazi. Lakini Mama ameishi na hewa chafu nyingi damuni kwa miaka, na ubongo wake umeizoea. Siku hizi kupungukiwa na oksijeni ndiko kunakomsukuma apumue. Ukimmiminia oksijeni nyingi, msukumo unapungua, mapafu yenyewe yanavurugika, hewa chafu inajaa na yeye anasinzia. Kwa hivyo akamwekea kidogo tu, akasema hapa pasiguswe.

Hapa pasiguswe. Kuna ugumu gani hapo?

Leo mchana akina mama wa kanisa walikuja na chai na mayai ya kuchemsha. Huku kwetu mgonjwa hatembelewi kimyakimya, lazima aimbiwe. Nikafurahi, nikawaachia Mama, nikaenda kutafuta uji.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Mama Ajambo, kiongozi wao, aliona Mama anahema kwa shida, akaona kile kimpira kwenye mita ya oksijeni, kinachoonyesha kiasi cha hewa, kiko chini kabisa. Akasema hawa watu wanambania mgonjwa hewa. Akafungua mpaka mwisho.

Niliporudi walikuwa kwenye wimbo wa shukrani. Mama ametulia, hahangaiki tena, midomo imerudisha rangi. Mama Ajambo akaniambia, "Mwone vile amepumzika. Mungu ni mwema." Nami nikaweka uji chini, nikaitikia.

Tulikuwa tunamwimbia mama yangu akifa.

Nilipomwamsha anywe uji, hakuamka. Nikampigapiga shavu, jicho likafunguka kidogo, likajifumba tena. Pumzi zilikuwa fupi, moja hapa, nyingine baadaye sana. Nikapiga mayowe. Nesi alikuja mbio, akaangalia kile kimpira, akaniangalia mimi. Akapunguza, akaita daktari, wakamvalisha barakoa ya mashine ya kumsaidia kupumua.

Nikawafukuza wale akina mama wote. Nilisema maneno ambayo hayaandikiki hapa. Mama Ajambo alitoka akilia na chupa yake ya chai, na mimi sikumhurumia hata kidogo. Mtu anagusaje kitu asichokijua kwenye mwili wa mwenzake?

Jioni hii Mama amefungua macho. Wakamtolea barakoa kidogo, akaangalia viti vitupu. Sauti ilikuwa ndogo lakini ukali ni ule ule.

"Wageni wangu umewapeleka wapi?"

Nikamweleza yote, nikitarajia akasirike pamoja nami. Alisikiliza mpaka mwisho, akivuta pumzi kati ya neno na neno. Akasema tangu kifua kianze kumbana, Mama Ajambo ndiye amekuwa akimbebea beseni za samaki mpaka sokoni, kila siku ya soko, bila kuombwa. Akasema niende nimwombe msamaha. Kisha wakamrudishia barakoa, sikuweza kubishana.

Bado nina hasira. Ninakasirika zaidi kwa sababu sasa sina wa kumkasirikia vizuri.

Kesho nitampigia Mama Ajambo simu na nitamwomba msamaha. Nitawaita warudi wote. Lakini nitakaa upande ule wa mita, na nyimbo ziwe za kupiga makofi, niione mikono yote.