Nimepungua, Dada, Siumwi

Dada yangu Paskalina,

Nakuandikia nikiwa nimesimama dukani. Ndiyo, nimesimama. Kile kiti changu cha nyuma ya kaunta nilikitoa zamani, na watu wa Dongobesh wameshazoea kuniona wima kama askari wa zamu. Wewe ungenicheka, najua.

Mambo yamebadilika tangu uondoke. Ulituacha tukiwa bado Mkoa wa Arusha, sasa tuna mkoa wetu, Manyara, na ukiwa na shida ya kimkoa unakwenda Babati. Watu wana simu mfukoni. Neema wako yuko kidato cha tatu, amerefuka, na akicheka anafunika mdomo kwa kiganja kama wewe. Haya yote ninayokueleza nimeyafanya kwa sababu yake.

Unakumbuka siku ile hospitalini, mguu wako umefungwa bandeji hadi gotini, kidonda kimekataa kupona kwa sababu ya sukari. Ulinishika mkono ukasema, "Mtoto ni wako sasa. Usimwache njiani." Nikaitikia. Wiki mbili baada ya kukuzika nikapata kizunguzungu, nikaenda zahanati. Muuguzi akapima, presha juu, sukari nayo inapanda. Akaniuliza uliondoka na umri gani. Nikamwambia arobaini na minne. Mimi nilikuwa na thelathini na minane. Akaniambia bila kuzungusha maneno, "Mama, kwa mwendo huu hutafika alipofika dada yako." Nilirudi nyumbani nikamkuta Neema anachambua mboga, nikashindwa kumtazama usoni.

Siku hiyo nilipanda kwenye mizani ya dukani, ile ya kupimia maharage. Kilo tisini na nane! Nilikuwa nimebakiza mbili tu niitwe gunia.

Nilianza vibaya, dada. Nilitaka kupungua kabla ya Pasaka. Nikawa nakunywa maji ya ndimu na kula mlo mmoja, hasira zikanijaa hadi wateja wakahamia duka la jirani. Siku moja nilianguka kati ya mifuko ya unga. Nilipoanza kula tena, kilo zote zilirudi, zikaja na wageni wao. Ndipo nikajua mwili haufukuzwi kwa fimbo.

Nikaanza upya, jambo moja moja. La kwanza lilikuwa sukari, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Ulinilea baada ya mama kufariki, miaka ile ya foleni, sukari ikipatikana ukinigawia mimi yote na wewe ukinywa chai bila sukari. Biashara zilipofunguliwa, maduka yakajaa, ukawa unanitilia vijiko vinne ukisema, "Kunywa mdogo wangu, tufidie." Sasa kila kijiko nilichopunguza niliona kama nakurudishia zawadi yako mkononi. Vinne vikawa vitatu, nikakaa hapo miezi. Vitatu vikawa viwili. Mwaka wa pili nikafika kwenye chai isiyo na kitu. Siku ile nililia mbele ya kikombe, halafu nikakinywa.

Mengine yalifuata. Ugali nikaupikia sufuria ndogo, mlenda na maharage nikaviongeza. Soda nauza, sinywi. Mafuta napima kwa kijiko, simimini tena kama mtu anayezima moto. Na Jumamosi nikienda Maretadu kuagiza maharage kwa wakulima, siku hizi sipandi gari la mizigo. Naenda kwa miguu, mzigo unanifuata nyuma. Mwanzoni nilipumzika kila penye jiwe. Krismasi zilinirudisha nyuma, na harusi za baada ya mavuno usiniulize. Mwaka wa kwanza nilipunguza kilo tano tu. Tano! Lakini hazikurudi.

Shida ikawa watu. Kwetu mtu akinenepa ni heri, akipungua ni msiba unaokuja. Wakaanza kuninong'ona. Wengine walisema duka linakufa, wengine walisema nina ule ugonjwa, wakanunua sabuni bila kunigusa mkono. Neema akarudi kutoka shule analia, kaulizwa atalelewa na nani nikifa. Hilo liliniumiza, nikakaribia kurudi kwenye vijiko vyangu vinne ili watu wanyamaze.

Jumapili moja wakaja akina mama wa jumuiya, saba kwa hesabu, wana kuku, uji na nyimbo za wagonjwa. Mama Yosefu, jirani yangu wa juu kilimani, aliongoza sala ndefu ya kuniaga. Niliitikia amina, maana sala haikataliwi. Nikawapa chai na sukari yao pembeni. Walipoaga nikatoka kuwasindikiza kama desturi. Desturi ni hadi njia panda, lakini mimi nilipandisha nao mlima wote. Nusu ya njia Mama Yosefu akashika kiuno, akakaa chini kabisa, akasema, "Jamani, mgonjwa ni nani hapa?" Tulicheka hadi tukaegemeana. Jumamosi iliyofuata alikuwa mlangoni kwangu alfajiri, kavaa raba za mwanawe, anauliza Maretadu tunaondoka saa ngapi. Sasa tunakwenda watano. Kuku nilimfuga.

Leo nina kilo sabini na nne. Presha imetulia, muuguzi ananionyesha kwa wengine, nami naringa, dada, naringa sana. Nimeyafanya haya kwa miaka saba, kwa miguu yangu mwenyewe.

Jumatatu nimetimiza miaka arobaini na mitano. Neema aliniimbia, nikashindwa kuzuia machozi, akadhani nimekumbuka uzee. Sikumwambia. Nilikuwa nimekumbuka kwamba tangu siku hiyo nimekuzidi umri. Njia uliyonionyesha imeishia nyuma yangu, na hii ya mbele hukuipita wewe.

Nakuahidi nitaitembea taratibu. Nitamfikisha Neema popote atakapotaka kwenda, na sitamwacha njiani. Pumzika sasa, mtoto yuko na mtu.

Kwa hesabu ya miaka, mimi ndiye mkubwa. Nimejaribu kukuita mdogo wangu, ulimi umekataa.

Shikamoo, dada.

Marselina