Sahani ya Baba Shabani

Jumatatu, 6 Oktoba

Sombe ya majani ya muhogo imeiva tangu adhuhuri. Sufuria iko juu ya makaa, namngoja mume wangu. Yuko kwa fundi baiskeli, anasimulia tena. Sauti yake naisikia hapa uani. Mwalimu hastaafu, anabadilisha darasa tu.

Anasimulia opera. Ruthi, yule Mmarekani aliyefanya kazi ya misaada hapa Kindu baada ya vita na kupiga kinanda cha parokia, ameuchukua mchezo wa jukwaani alioandika mume wangu na kuufanya opera, huko kwao Amerika. Opera ni mchezo ambao watu hawasemi. Wanaimba tu, hata wakiomba maji ya kunywa. Binti yetu Mwajuma ametuonyesha kipande kwenye simu. Mwanamke mnene, sauti kama treni ikiingia stesheni. Njo mimi huyo, yule mke wa kwenye mchezo, wameniambia. Nimecheka mpaka nimekohoa.

Baba Shabani amefika saa kumi. Amenisema, kama kawaida yake: Mama Shabani, kwa nini hunifunikii sahani ukala zako? Miaka yote hii unaningoja na sufuria! Nimempakulia.

Jumatano, 8 Oktoba

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Ruthi. Kiswahili chake bado ni cha hapa, amekitunza. Opera imebakiza wimbo mmoja, wimbo wa sahani. Anataka maneno ya kinywa changu. "Mama, kila jioni ulipomuwekea bwana yako sahani, uliiambia nini?" Nimpe kabla ya Jumanne kuisha. Waimbaji wanaanza mazoezi.

Mchezo wote umesimama juu ya hiyo sahani. Mume amepotelea msituni wakati wa vita. Ukoo umemfanyia matanga. Mke amekataa kuamini, na kila jioni anapakua sahani ya mume, anaifunika, anaiweka karibu na mlango. Mume anarudi, anaikuta. Ulipochezwa kwenye ukumbi wa shule, watu walilia. Mimi nilikaa mbele, kikwembe nilichojitanda kiko mdomoni. Wakadhani nalia na mimi.

Hakukuwa na sahani.

Haya, nimeandika. Mkono haukukauka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Yeye kaenda msikitini. Nimefungua sanduku la bati. Daftari langu la vita liko chini kabisa, mchwa wamekula pembe. Nanakili hapa siku tatu kabla hawajazimaliza.

Daftari la vita, Jumapili. Matanga yamekwisha. Mtu aliyetoka njia ya Pangi ameapa kwamba mwalimu aliuawa kule alikokuwa anafundisha. Nimeanza eda. Wanauliza kama naamini. Naamini. Nimelia mpaka basi. Sasa nina njaa.

Daftari la vita, Alhamisi. Treni hakuna. Chumvi hakuna. Shambani hatuendi, wenye bunduki wako njiani. Mwajuma hajasimama tangu jana. Nimetoa koti la baba yao, lile la kaki, kiwiko nilikitia kiraka cha buluu. Mvushaji wa mtumbwi amenipa vikapu viwili vya muhogo na samaki mmoja. Watoto wamekula. Koti nililinusa kabla ya kulitoa. Unisamehe, Mwalimu.

Daftari la vita, Ijumaa. Amerudi. Mifupa na macho. Shangazi yake amekimbia akidhani ni mzimu, halafu amerudi kumzuia mlangoni. Mtu aliyekwisha kuliliwa haingii ndani mpaka aoshwe uani kwa maji ya majani. Nimemwosha mimi. Mbavu zake zote nimezigusa. Ameniuliza: mulinililia? Nimesema: wengine. Mimi sikuamini, kila jioni nakuwekea sahani. Nikaenda jikoni, nikafunika sahani yangu ya leo, nikamletea. Amekula yote. Nimemdanganya mtu aliyetoka kaburini. Nitamwambia kesho.

Kesho hiyo ndiyo bado naingoja. Tangu siku ile sijamfunikia sahani hata mara moja. Mkono unakataa. Namngoja na sufuria, ndiyo sababu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Amekwenda sokoni, amerudi na sahani ya bati yenye maua. Anataka itumwe Amerika, waimbaji wawe na sahani ya kweli ya Kindu. Ameniuliza ile ya zamani ilikuwa na maua gani. Nimesema mekundu. Uongo umezaa mtoto.

Ameiweka mezani, anaizungusha na kuipangusa kwa shati. Anafurahi mpaka inaniuma. Nampenda mzee huyu. Namwogopa pia, yeye ambaye hajanipandishia sauti hata siku moja.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimejaribu kutunga. Ee sahani, yuko wapi mwenyewe. Upuuzi. Ee sahani, usipoe. Upuuzi zaidi. Mwajuma ameshika simu tayari kurekodi, nimemfukuza. Nimemkasirikia Ruthi, ambaye hajakosa kitu. Alitoka nyumbani kwao akala sombe yetu bila kuuliza ina nini ndani. Nitamdanganya na yeye?

Na huyo mwanamke mnene, atasimama mbele ya watu wa Amerika kutokwa jasho kwa ajili ya sahani ambayo haikuwepo.

Baba Shabani amenikanda goti kwa mafuta ya mawese. Amesema: maneno yatakuja, usiyasukume. Nikataka kusema palepale. Nikasema goti lingine pia linauma.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimesema.

Tulikuwa shambani Mikelenge, tunapalilia karanga. Yeye mstari wake, mimi wangu. Nilisema nikiwa nimeinama, usoni sikumtazama. Sahani haikuwepo. Niliamini umekufa, nilikaa eda, nilitoa koti lako kwa muhogo. Ile uliyokula ilikuwa yangu.

Hakuacha kulima. Alimaliza mstari. Nilihesabu mapigo ya jembe lake, kumi na manne. Kisha akaja akakaa juu ya tuta, karibu na miguu yangu.

Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, yasinipotee.

"Mama Shabani, koti langu njo lilinivusha muto. Yule muvushaji alikuwa amelivaa. Kiwiko cha buluu kinaenda, kinarudi, mbele ya macho yangu, ng'ambo mpaka ng'ambo. Nikamuuliza alilitoa wapi. Akasema kwa mujane wa mwalimu, alilitoa kwa muhogo, watoto wake wapate kula. Hapo njo nilijua watoto wangu ni wazima. Nililia ndani ya mutumbwi, yule mutu akadhani ninaogopa maji."

Nikamuuliza: kwa hiyo ulijua? Tangu mtoni?

Alijua. Akasema kama ningekuwa kweli naweka chakula cha maiti mlangoni huku watoto wanalia njaa, angeniacha siku ileile, na mbavu zake zote nje.

Nikakasirika. Wee! Nilitupa jembe. Miaka yote hii nabeba mzigo, na yeye anautazama tu! Anazunguka mtaani na sahani! Anaulizia maua! Nimemwambia maneno ambayo siandiki. Majirani wa shamba la pili wamesimama kusikiliza.

Halafu nikamuuliza kwa nini aliandika mchezo. Amesema siku ile nilimpa vitu viwili, sahani yangu na uongo wangu, na vyote viwili vilimshibisha. Na kwamba alidhani ninaupenda ule uongo, hakutaka kuninyang'anya. Mimi nilidhani yeye ndiye anaupenda. Wajinga wawili, kitanda kimoja.

Tumecheka. Nimelia kidogo. Karanga hazikupaliliwa tena.

Tulipofika nyumbani nimemwita Mwajuma arekodi. Nimemwambia Ruthi yote: eda, muhogo, koti, kiraka. Nimesema sahani haikuwepo, kwa hiyo sikuiambia kitu. Kama opera imeharibika, anisamehe. Baba Shabani alikaa karibu yangu, mkono begani. Mwisho akaongeza kwa sauti yake ya darasani: na mimi, mwenye mchezo, nimekubali.

Ijumaa, 17 Oktoba

Siku tatu kimya. Nimeungua moyo. Baba Shabani haendi kwa fundi baiskeli, anazunguka uani, anapanga kuni ambazo zimekwisha kupangwa.

Alasiri Ruthi amejibu. Kwanza tumesikia anapenga kamasi. Anasema ameufuta wimbo wa sahani. Anaandika mwingine, wa koti. Mke atalishika koti, atalinusa, atalitoa. Mume ataliona kwa mwingine, mtoni, ataimba peke yake. Uongo wangu pia utabaki, mwisho kabisa, na watazamaji watajua kwamba mume anajua. Mazoezi watayaanzia kwenye nyimbo nyingine mpaka amalize. Ameuliza kiraka kilikuwa buluu ya namna gani. Hiyo nimemjibu bila kufikiri. Buluu ya sare ya shule ya Shabani, mguu wa suruali iliyokuwa imembana.

Baba Shabani amesema mchezo wake mwenyewe sasa umepitwa. Ameona wivu kidogo. Amekula sahani mbili.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua asubuhi. Yeye amekwenda Mikelenge kumalizia zile karanga. Amesema atachelewa.

Nimepika ugali na ndakala, wale samaki wadogo. Njaa imenishika saa nane. Nimechukua ile sahani ya maua, haikutumwa, haina kazi Amerika tena. Nimempakulia, nimefunika, nimeiweka mezani. Nimekula zangu. Nimekwenda kwa Mwajuma kusuka.

Niliporudi alikuwa amekaa, miguu na udongo, sahani imekwisha. Amesema samaki walikuwa wamepoa.

Nimemwambia njo hivyo, vya sahani hupoa. Amenisogezea sahani nioshe.