Sauti ya Misungwi Niliyoizima

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipata. Marahaba sana. Mguu wa babu yako umepona, na mama yako mdogo amefungua duka la vitenge Mabatini.

Umeniuliza kama unaweza kuzima sauti ya kituo chenye kelele unapofundisha vituo vyote kwa pamoja kwa njia ya video. Usizime, mama. Bora usubiri kelele ipite. Mimi niliwahi kuzima. Nilikuwa nafundisha nikiwa chuoni hapa Mwanza, na wanafunzi wa Misungwi, watu wazima wenye kazi zao, nikiwaona kwenye skrini kubwa ukutani. Siku moja mvua ilipiga bati lao, nikazima sauti yao. Mvua ilipokatika sikuirudisha. Niliupenda ule utulivu.

Tangu hapo, kila wiki niliwaona wakisimama, midomo ikisema shikamoo. Mimi naendelea na somo. Walisubiri niitikie, kisha wakaketi mmoja mmoja. Kwenye ripoti niliandika kwamba Misungwi hawaulizi maswali.

Muhula ulipoisha nilikwenda kuwasimamia mtihani. Kulwa, muuguzi aliyekuwa akikaa mbele, alinipokea mlangoni.

"Mwalimu, tulikukosea nini?" akauliza taratibu. "Tunakuamkia, huitikii. Tunauliza, hujibu. Mwisho tukaacha."

Nilimwambia mitambo ilikuwa mibovu.

"Kumbe! Pole sana, mwalimu," akasema, akanyoosha mkono anibebee mkoba.

Ile pole niliipokea, Neema. Na mkoba nikamwachia.

Bibi yako