Boti Iliyoundwa Nchi Kavu

Kambini, 14 Machi 1999

Kwa shemeji yangu Hamdani,

Salamu nyingi kutoka huku porini. Klementina hajambo, watoto hawajambo, na mimi napumua. Natumaini wewe na Yasmini mko salama hapo Kasingirima, na kwamba mawese yako yanauzika.

Feliksi, dereva wa lori la unga, atakukabidhi kifurushi kilichofungwa kwa gunia. Usishtuke ukikifungua. Ni tezo yangu ya kuchongea mbao, ile niliyovuka nayo ziwa siku tulipokimbia vita kwetu Baraka, nikaacha hata viatu. Nitafutie mtu wa kuinunua, bei yoyote.

Najua utaniuliza kwa nini. Huu ni mwaka wa tatu tuko wakimbizi hapa na sijaunda hata kasia. Ziwa liko mbali, harufu yake haitufikii. Lakini watu wanajua mimi ni fundi, kwa hiyo mtu akifariki wananijia. Nimetengeneza majeneza arobaini na sita, shemeji. Mengine ni mafupi mpaka sikuhitaji futi kuyapima. Siku hizi wananiita Fundi Sanduku, na nikipita njiani akina mama wanawavuta watoto wao pembeni. Mwezi huu nimekataa kushika ubao wowote. Nashinda nimelala. Klementina ananiletea chakula, nakirudisha. Yeye hataki nikwambie, lakini nimwambie nani mwingine?

Nisamehe kwa barua isiyo na furaha.

Shemeji yako,
Gideon


Kasingirima, Ujiji, 26 Machi 1999

Kwa shemeji yangu unayelala mchana kama sultani,

Baada ya salamu, sisi ni wazima kabisa. Yasmini anakusalimu na anasema ukirudisha tena chakula cha mwanamke mwenzake atapanda lori aje mwenyewe. Kwa kuwa Idi imefika, alipoona gunia la Feliksi alidhani umetuletea mguu wa mbuzi, akaanza kumenya vitunguu. Alipokuta ni chuma na mpini alikasirika kuliko mimi.

Sasa sikiliza. Wakati ule nilipofuata mawese nikaugua homa huko Baraka, Klementina akanilisha uji kwa kijiko wiki mbili, nilitangaza mbele ya watu kwamba ni dada yangu. Kwa hiyo mimi ni kaka wa mkeo, nina haki ya kukugombeza, nawe kaa kimya.

Kwanza hayo majeneza. Gideon, umesahau wateja wako wa zamani? Walikuwa wanakufuata mpaka kanisani: boti inavuja, boti inakwenda upande! Niliwahi kukuona kwa macho yangu ukijificha nyuma ya magunia ya dagaa. Leo umepata wateja arobaini na sita, hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika, ndipo unaacha kazi? Ungepangiwa kambi ya Waislamu watupu ungekosa kazi kabisa, maana sisi tunakwenda na sanda tu.

Nimetania, lakini pale ulipoandika kuhusu majeneza mafupi nimesoma mara tatu, na nimelia. Yasmini ni shahidi. Wazazi wale walipata kitu cha heshima cha kuwalaza watoto wao kwa sababu yako. Usijichukie kwa hilo.

Pili, tezo siuzi. Nimeinoa na Feliksi anakurudishia. Na kwa kuwa umekaa bure, nina oda. Niundie boti ya futi kumi na nane, ya kubebea mapipa yangu ya mawese, iwe na kiti cha kuegemea na mwavuli juu. Naitaka kabla ya Maulidi. Usinicheleweshe, mimi ni mtu mkubwa.

Shemeji yako,
Hamdani


Kambini, 18 Aprili 1999

Shemeji Hamdani,

Hatujambo. Pasaka ilipita vizuri.

Nashukuru kwa oda. Futi kumi na nane zitabeba mapipa manne, usizidishe. Kiti cha kuegemea hakiwezekani, kitaielemea nyuma. Mkuku nautaka wa mvule, kipande kimoja kisicho na fundo, maana huo ndio uti wa mgongo. Mataruma, yaani mbavu zake, na mbao za ubavuni ziwe mninga uliokauka vizuri. Hapa haturuhusiwi kukata mti, kwa hiyo mbao zote zitoke kwako. Lete na misumari.

Nimepima uwanja nyuma ya nyumba kwa kamba. Tukihamisha banda la kuku, inaenea. Jana nilikula ugali mara mbili. Klementina alitoka nje, nikamsikia anaimba.

Mwavuli utanunua mwenyewe.

Shemeji yako,
Gideon


Kasingirima, Ujiji, 2 Mei 1999

Shemeji yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mimi afya ninayo ila amani sina.

Ngoja nikiri, maana wewe ni ndugu. Nilikuwa natania! Mimi mwana wa Ujiji nimezaliwa hatua mia kutoka majini, na sijawahi kupanda boti bila kutapika. Mawese yangu yanakwenda kwa baiskeli na yanafika. Niliandika vile ili ucheke. Barua yako ilipofika nikamsomea Yasmini huku nacheka peke yangu. Yeye akaichukua, akaisoma mwenyewe polepole, akauliza, "Anahamisha banda la kuku?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi huyu mtu amefufuka, na wewe utaundiwa boti upende usipende. Mdomo umekuponza."

Sasa mbao nitoe wapi? Unakumbuka jiko alilonisumbulia miaka minne? Mbao zake za mninga zilikuwa uani tayari, fundi alikuwa aanze Jumatatu. Nilipomaliza kusali adhuhuri nikakuta Yasmini amekwisha kuzipakia kwenye mkokoteni, na amemnyang'anya shemeji yake wa Gungu kipande cha mvule alichokuwa amekikalia kama benchi. Nikamuuliza, na jiko? Akasema amepika juani miaka minne, ngozi imezoea. Sharti lake ni moja tu, boti iitwe Yasmini.

Mzigo unakuja na Feliksi. Kwa hiyo si utani tena, shemeji. Nimepata boti nisiyoitaka, na nakuomba uiunde vizuri, maana nikizama nayo nitakuja kukulalamikia.

Shemeji yako,
Hamdani


Kambini, 20 Juni 1999

Shemeji Hamdani,

Salamu kwako na kwa mwenye mbao, hasa kwa mwenye mbao. Mwambie Yasmini kwamba kila nikipitisha tezo namwombea.

Kwamba ulikuwa unatania nilijua tangu mwanzo. Mtu aliyetapika kwenye boti iliyofungwa gatini haagizi boti. Lakini nilikuwa natafuta sababu ya kuamka, na ulinipa, nikaidaka kabla hujainyang'anya. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako mjanja.

Mataruma yote yamesimama, na watu wanakuja kuangalia. Wananiita Nuhu sasa. Bibi Verediana, jirani yangu, aliyekuwa anauza samaki aina ya migebuka huko Fizi, anapita asubuhi na jioni akiniuliza mvua ni lini na kama amebakiziwa nafasi au nitawachukua kuku kwanza. Juzi afisa mmoja alikuja na daftari. Akauliza, "Mzee, unaunda nini?" Nikamwambia boti. Akatazama huku na huku, vichaka vitupu, akauliza, "Maji yako wapi?" Nikamwambia, "Hilo si fungu langu, bwana." Aliandika kitu, akaondoka anacheka.

Tatizo langu ni moja. Kalafati nimeanza, nashindilia pamba na mawese kwenye nyufa kati ya mbao. Lakini boti mpya lazima ionje maji kabla ya safari, la sivyo huwezi kujua inapovuja. Kwetu tuliisukuma ziwani na kuikalisha. Hapa maji ni ya foleni bombani, na kila nyumba ina ndoo zake za kuhesabu. Sitaki kukuletea boti ambayo sijaijaribu. Nimewaza wiki nzima.

Shemeji yako,
Gideon


Kasingirima, Ujiji, 4 Julai 1999

Shemeji Nuhu,

Sote wazima. Nimewauliza wataalamu wa hapa kuhusu swali lako. Mmoja amesema uitemee mate. Mwingine amesema uihamishie kanisani kwenu, mnavyolia kwenye maombi itaelea yenyewe. Nimekuletea pamba zaidi na debe la mawese. Usikate tamaa karibu na mlango.

Shemeji yako,
Hamdani


Kambini, 8 Agosti 1999

Shemeji yangu Hamdani,

Jambo sana! Klementina hajambo, watoto hawajambo, mimi sijambo kabisa.

Jibu nilikuwa nalo, niliogopa tu kulisema. Kama boti haiwezi kuwekwa ndani ya maji, maji yanaweza kuwekwa ndani ya boti. Panapovuja kuingia ndipo panapovuja kutoka. Lakini ili maji yafike ubao wa pili nilihitaji ndoo hamsini, na mimi kwa siku napata nne. Nilimwambia Klementina tu. Yeye, kama unavyomjua dada yako, alimwambia mtu mmoja.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeinama napiga msumari, nikasikia mtu anakohoa. Ni Bibi Verediana na ndoo kichwani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akamimina. Nikamwambia, "Bibi, hayo si maji yako ya kupikia?" Akasema, "Nimekucheka miezi miwili, leo nalipa kiingilio." Nyuma yake walikuja wengine. Wengine walileta ndoo, wengine sufuria, na mzee mmoja kipofu alileta kikombe cha chai. Hawa ni watu wa Baraka, wa Fizi, wa Uvira, wote watu wa ziwani, na miaka mitatu hawajaona maji yakicheza kwenye mbao. Yalipofika ubao wa pili uwanja ulikuwa umejaa. Maisha yangu yote nimeona watu wa ziwani wakipiga kelele boti ikijaa maji. Hii ndiyo mara ya kwanza kuona wanapiga vigelegele.

Ilivuja sehemu tatu, nikaziweka alama ya mkaa. Kisha tukayachota maji tena na kuyagawa ya kufulia, kwa hiyo kambi nzima sasa inanuka mawese kama wewe. Nilikaa juu ya jiwe nikalia mbele za watu, na hakuna mama aliyemvuta mtoto wake pembeni.

Nyufa nimeziziba. Feliksi ataipakia lori likirudi tupu Alhamisi ijayo. Niliomba ofisi ya kambi kibali cha siku tatu nije kuishusha majini mwenyewe. Wamekataa. Wanaogopa nikifika ufukoni nitaipanda nivuke nirudi kwetu, na vita haijaisha. Sikuwalaumu, hata mimi niliogopa hivyo. Ishushe wewe. Kisha uniambie ukweli, usinifariji.

Shemeji yako,
Gideon


Kasingirima, Ujiji, 29 Agosti 1999

Shemeji yangu, fundi wa mafundi,

Salamu za afya nimeziweka mwisho, maana najua hutazisoma mpaka nikuambie. Haivuji.

Tuliishusha jana baada ya alasiri pale mwaloni, wavuvi wanapofikia. Watu walikuja kwa dhihaka, boti kutoka porini juu ya lori la unga! Ilipogusa maji ilitikisika mara moja, ikatulia kama inayajua. Gervasi, mvuvi wa Kibirizi asiyemsifu hata mama yake, aliingia, akapapasa mbao kwa kiganja ndani yote, akatafuta maji. Alipata ya kujaza kijiko. Akauliza nani ameiunda. Watu wakasema mkimbizi mmoja. Nikapaza sauti, nikasema si mkimbizi mmoja, ni Gideon wa Baraka, shemeji yangu, na ukiona vyaelea vimeundwa.

Ulitaka ukweli wote: inainama kidogo kushoto. Gervasi anasema ni kwa sababu mimi nilikaa kushoto. Yasmini alikaa mbele na kanga mpya, akisoma jina lake ubavuni kwa sauti kila tulipopita watu. Mimi nilitapika kabla hatujaacha mchanga.

Nilitamani uwepo. Nilipotazama ng'ambo kwenye milima ya kwenu nilishindwa kutania, na Yasmini akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia namkumbuka mtu.

Afya zetu nzuri.

Shemeji yako,
Hamdani


Kasingirima, Ujiji, 17 Oktoba 1999

Shemeji Gideon,

Hujambo? Natumaini hujambo. Hii ni barua yangu ya tatu tangu ile ya kushusha boti, na hujajibu hata moja. Feliksi wamempangia njia nyingine, na dereva mpya hamjui mtu.

Katika barua zilizopita niliandika vichekesho. Ile ya mapipa na ile ya Yasmini kuwatoza wavuvi salamu. Leo sina. Naogopa kwamba boti iliondoka na sababu yako ya kuamka, ukarudi kulala. Naogopa nilikupa furaha ya miezi mitano nikakuachia uwanja mtupu. Kama ni hivyo nisamehe, nitaagiza nyingine, hata ya kufugia bata. Yasmini amesema jiko lisubiri tena.

Andika neno moja tu. Au mtume mtu aseme uko hai.

Shemeji yako,
Hamdani


Kambini, 2 Novemba 1999

Shemeji,

Tuko wazima. Nisamehe karatasi, ni mfuko wa saruji, na nisamehe mwandiko, naandikia juu ya goti.

Barua zako zote tatu nimezipata. Sijajibu kwa sababu sina nafasi. Gervasi, bila kukuambia, aliagiza boti kwa kupitia Feliksi mwezi wa tisa, kabla hajabadilishiwa njia, na akaleta mbao, na mwenzake wa Gungu naye akaleta. Ofisi imetupa banda lililokuwa ghala. Tuko watu saba. Bibi Verediana ndiye msimamizi wa kalafati, na hakuna anayethubutu kuondoka kabla hajapapasa kila ufa. Ndoo za maji zinapangwa zamu mtaa kwa mtaa.

Juzi nilitengeneza jeneza, la mtoto wa jirani. Nililifanya vizuri, nikalia, tukamzika, na jioni nikarudi kwenye taruma la nne.

Usiniletee oda ya boti ya bata. Yasmini ajengewe jiko lake wiki hii, la sivyo nitamwambia Klementina. Niletee pamba, na misumari ya inchi nne, mingi. Barua ziwe fupi, nazisoma kazini na watu wananicheka.

Wananiita. Baki salama.

Shemeji yako,
Gideon