Mkufu wa Bi Jamna Mguuni kwa Mjarumani

Mpendwa mshauri, Bi Mwanakheir, shikamoo. Nakuomba unisaidie mbio mbio, kwani harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo na mimi kula siwezi, kutulia siwezi, na furaha nayo haijanitoka.

Nnafanya kazi hospitali, wodi ya watoto, pamoja na muuguzi wa Kijarumani anaitwa Renate, msichana mrefu, mcheshi, hana makuu, na Kiswahili akikikosea hucheka kabla yetu. Sasa jirani yangu hapa Kiponda, Bi Jamna, mke wa sonara, anamuoza bintiye, na siku hizi harusi za Kihindi mjini zimekuwa chache kwa vile wengi wameshahama, basi Renate kualikwa alirukaruka kama mtoto siku ya Idi, akaniuliza, "Khamisa, mapambo ya Kihindi unayajua kuyavaa?" Ulimi wangu haukungoja. Nikamwambia, "Nimekulia mlango mmoja na sonara, nisiyajue?"

Ungemuona, mshauri! Bangili za kioo nilimpaka sabuni mkononi zikapita moja moja, kumi na mbili kila mkono, akawa anazunguka chumbani anazitikisa tu azisikie. Pambo la kipajini tulilifunga mara tano linateleza kwenye zile nywele zake laini. Kipini cha kubana tukakitia puani, akapiga chafya, kikaruka mpaka kwenye ngazi, tukakitafuta kwa magoti huku tunacheka hata machozi. Wallahi sijafurahi hivi tangu niolewe.

Bi Jamna kusikia hamu yake, akamwazima mkufu wa dhahabu wa marehemu mama yake, wenye kidude cha umbo la embe. Siku hiyo shingo ya Renate nshaijaza vidani viwili, nikaona mkufu hauna pa kukaa, basi nikamzungushia mguuni, nikasema, "Ndivyo wanavyovaa wenyewe." Hapana aliyenambia! Nilijitungia tu kwa kuwa ulipendeza. Tukaenda kwa mpiga picha, Renate akainua gauni kidogo mguu uonekane, picha ikatoka nzuri, na sasa ameitia fremu, kaiacha kwangu pamoja na mkufu, ampe Bi Jamna siku ya harusi, na mkufu ataingia nao ukumbini mguuni vilevile.

Juzi Mashavu, anayemsaidia Bi Jamna kazi za ndani, akaiona picha kwangu, akashika kichwa. "Khamisa! Dhahabu mguuni? Wenyewe hawathubutu! Kwao dhahabu ni ya mungu wao wa kike wa neema, miguuni wanavaa fedha tu. Na huu si ule mkufu wa mama yake Bi Jamna?" Nikaitwaa picha, nikaifunika kwa kanga.

Sasa nimwambie Renate kuwa sijui kitu, na yeye ananiita mwalimu mbele ya wodi nzima? Au niufiche mkufu, nijifanye umepotea mpaka harusi ipite? Au picha niiangushe ivunjike? Naona haya, lakini harusi hii naitaka mno.

Khamisa, Kiponda.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Khamisa. Kile kipini kimenichekesha mpaka chai ikanipalia. Nilipofika kwenye mkufu, kicheko kikakatika.

Wewe mwanamke! Ufiche mkufu wa marehemu mama wa mtu? Akili umeiweka wapi? Mpaka sasa ulilofanya ni kosa la kutojua na kupenda kujionyesha. Ukiuficha, ni wizi, na atakayeulizwa ni Renate aliyeazimwa, na baada yake Mashavu, anayeingia na kutoka nyumba ile kila siku. Na picha ukiivunja, mpiga picha atatoa nyingine.

Nakuonea huruma, maana najua utamu wa kuitwa mwalimu. Lakini huyo mgeni anakosea Kiswahili kila siku mbele ya wagonjwa, na bado anakuja kazini. Wewe kukosea mara moja ndiyo ufe?

Fanya hivi, tena leo. Mvute Renate pembeni umwambie bila kuzunguka: "Lile la mguuni nililitunga." Kisha uufute vumbi mkufu, uutie kwenye kitambaa safi, mwende nyote wawili kwa Bi Jamna. Picha ichukueni, asije akaisikia kwa watu. Useme wewe, asiseme mgeni: "Bi Jamna, huyu hana kosa, mimi ndiye niliyemvisha." Akigomba, nyamaza agombe, ana haki yake. Akishatulia, mwombe siku ya harusi amvishe Renate kwa mikono yake, nawe ukae utazame.

Unaogopa kupoteza ualimu. Ualimu hukuwa nao, Khamisa. Rafiki unaye, na Jumamosi ataingia ukumbi uliojaa watu akiamini kila kitu ulichomfunga mwilini. Inuka umwendee.