Hukuondoka Ukiimba, Dada

Mwaka umetimia, Dada, na nyumba bado haijazoea kukukosa.

Wanafunzi wako walikuita Mwalimu Rudia, nawe ulijua ukajifanya hujui. Hesabu imekaa ovyo: rudia. Sala imekimbizwa ili watu wakale: rudia. Fundi aliyejenga kaburi lako, uliyemfundisha darasa la tatu, alibomoa ukingo wa saruji akauanza upya. "Ulipinda kidogo tu," akasema, "lakini huyu mama namjua!"

Tafakari zako za asubuhi, zinazosomwa na akina mama wa kanisa letu la Kibaptisti, ulinisomea mimi kwanza nikipiga pasi. Pasi ikisimama, ulijua sijaelewa. "Wapi hapo?" ulikuwa ukiuliza, kalamu tayari mkononi. Hukuwahi kunicheka.

Lakini kuna jambo limetukaa kooni. Siku ya mazishi ulisomwa wasifu wako, na ndani yake ikasemwa uliaga dunia ukiimba. Mwandishi hakuwa na nia mbaya. Alizisoma tafakari zako akaona mtu wa namna hii hafi vinginevyo. Watu wakaitikia amina, nasi tulikuwa tumechoka, tukanyamaza. Sasa kila tukipita: "Ndugu zake yule mama aliyekwenda akiimba!"

Binti yako wa mwisho, muuguzi, alikuwa kazini mbali ulipofariki, kwa hiyo aliuamini wasifu ule. Akaacha ibada. Mwezi uliopita nilimbana, akasema:

"Mama mdogo, nikipiga magoti hakitoki kitu. Mama anakata roho, anaimba. Mimi mzima wa afya, nimekauka. Labda mimi si wa huko."

Nilishtuka, Dada. Nimemzika mume wangu, nikakuzika wewe, lakini hofu ile ilikuwa mpya.

Ndipo nikamweleza tulichokiona hospitalini, mimi na kaka yetu. Kwamba hukuimba. Kwamba ulisema, "Niombee wewe, mdogo wangu. Mimi natafuta neno, silipati." Kwamba nilianza Baba Yetu, ukanifuata kwa midomo mpaka kwenye riziki, kisha ukaacha, ukawa unanitazama tu.

"Aliogopa?"

"Aliogopa, mwanangu."

"Na bado alitaka kuombewa?"

"Alitaka. Aliniangalia mpaka nikamaliza."

Alilia, halafu akawaka. "Mwaka mzima mmeniacha nashindana na malaika! Kumbe mama yangu alikuwa mtu!"

Alikuwa na haki.

Hatutakudanganya kwamba amerudi kanisani. Hajarudi. Ila juzi alikuja, akaketi, hata viatu hakuvua. "Omba, Mama mdogo," akasema, "ila mimi usinitie humo." Nikaomba, nikajiombea mwenyewe. Nilipofika mwisho hakuitikia amina. Hakuondoka pia.

Jumapili tutakusanyika kukukumbuka. Tumemwomba mchungaji asome haya, ule wasifu auache.

Unakumbukwa na kaka yetu seremala, wanao wawili wakubwa na wenzi wao, wajukuu wanaogombania kiti chako, wanafunzi wako, binti yako muuguzi aliyeturuhusu kuandika haya, na mimi mdogo wako, mjane, niliyekaa nawe mpaka mwisho.

Siku zote tutakukumbuka, Dada, jinsi ulivyokuwa kweli.