Mguu wa Kushoto wa Baba Mkwe

Tarime, Agosti 1977

Mpendwa Baba Waitara,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama na wote hapo Nyanungu, na kwamba yule ndama wa mdogo wangu Mokami ameanza kula majani. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Joram bado yuko Musoma kwenye kozi ya ualimu, nami nimebaki na wakwe zangu na spana zangu.

Wale waliosema ufundi nilioupata JKT utaishia jikoni, waambie gari la hospitali ya misheni liko mikononi mwangu na hakuna mwanaume anayeligusa bila ruhusa. Ni gari la ajabu, halina klachi; gia zinajibadilisha zenyewe. Ndilo linalochukua kina mama wajawazito vijijini. Dereva wake ni baba mkwe wangu, Mzee Nikodemo, tangu chama cha ushirika kivunjwe na lori alilokuwa akiliendesha lichukuliwe.

Sasa gari hilo likaanza kuruka. Kila gia ikibadilika linashtuka mpaka wagonjwa wanapiga kelele. Muuguzi Dorka alisema nusura mama mmoja ajifungulie sakafuni. Daktari akamwambia Mzee kwamba giaboksi ikifa ndiyo basi, maana spea hazivuki tena Sirari tangu mpaka wa Kenya ufungwe, na kwamba gari likiendelea hivyo atatafutwa dereva mwingine. Mzee aliacha kula. Niliumia sana, kwa sababu katika nyumba ile ndiye peke yake aliyefurahi kumwoza mwanawe kwa fundi magari.

Nilianza na oili. Lori hupimwa injini ikiwa baridi, lakini hili hupimwa likiwa moto na linanguruma. Oili ilikuwa nyekundu safi, haina harufu ya kuungua. Nikakaza vishikizo vya injini, nikarekebisha waya wa pedeli ya mafuta. Nikaliendesha mwenyewe hadi mtoni na kurudi, laini kama uji. Akilishika Mzee, linaruka. Watu wakaanza kunong'ona kwamba amelogwa. Nikawacheka, ingawa jibu sikuwa nalo.

Jibu lilikuwa mahali ambapo siruhusiwi kukaa. Wewe ndiye uliyenifundisha siku ya harusi kwamba mke wa mwana haketi karibu na baba mkwe wala hamkazii macho. Kwa hiyo gari nililijaribu peke yangu siku zote.

Baba, niliketi. Alhamisi iliyopita kulikuwa na mwanamke mwenye uchungu kijijini Kewanja, na Daktari akaniamuru niende nikasikilize gia. Nyuma palikuwa pa Dorka na mgonjwa, kikabaki kiti cha kando ya Mzee. Ningeweza kukataa, sikukataa. Mzee alitazama barabara, mimi nikatazama pedeli. Kila gari lilipotaka kubadili gia, mguu wake wa kushoto ulinyanyuka kutafuta klachi ya lori, ukakanyaga breki. Hiyo tu! Gari lilikuwa zima kabisa. Nikageukia dirishani nikamwambia kwamba mguu huo hauna kazi humu, aukunje chini ya kiti. Alisimamisha gari, akautazama mguu wake. Kisha akaukunja. Tulipanda mlima gari likateleza tu, na mama yule alijifungua salama hospitalini, mtoto wa kike.

Mama mkwe hasemi nami. Wazee wameamua kwamba aibu ile isafishwe kwa mbuzi kutoka kwetu. Nisamehe kwa ajili ya mbuzi. Kwa kuketi pale sijutii, na ningeketi tena. Mzee hakutamka neno baya. Alisema tu, kupitia kwa Dorka, kwamba atakuja kumchukua mbuzi huyo yeye mwenyewe Jumapili, kwa gari hilo hilo, na Daktari ameshamruhusu.

Nisalimie Mama, Mokami na majirani wote. Ukisikia gari linapanda kilima cha kwetu, toka nje usikilize. Lisiposhtuka, mfungulie Mzee yule beberu mkubwa.

Ni mimi binti yako,
Ghati, fundi